Kelele za Usiku Katika Nyumba ya Temeke

Majuma matatu yaliyopita nilipokea barua ya mzee mmoja wa Temeke, mfanyakazi wa bandarini, aliyeomba jina lake lisitajwe katika safu hii. Aliandika kwamba kijana wake wa tatu, aliyemaliza kidato cha nne, amepatwa na maradhi ya redio. Kila usiku baada ya chakula huketi uani, akavaa visikizio, akasikiliza kelele mpaka saa tano. "Si muziki, si taarifa ya habari, si mpira," mzee aliandika, "ni kelele tupu, kama mafuta yanayokaanga samaki."

Lililomtia uchungu zaidi ni fedha. Kijana alikuwa akidunduliza ujira wa vibarua ili anunue mtambo wa kuongeza nguvu ya redio, kwa bei inayokaribia karo ya mwaka mzima ya chuo cha ufundi alichotafutiwa na baba yake. Kwa ajili hiyo baba na mwana walikuwa hawasemezani, na mama akawa mjumbe baina yao ndani ya nyumba ya vyumba vitatu. Mzee aliniuliza mambo mawili: je, jambo hili ni halali? Na je, lina faida gani?

La uhalali halina mgogoro. Wanaredio wa ridhaa ni kama wachezaji wa ridhaa, hawalipwi. Huongea wao kwa wao kwa mapenzi ya kazi yenyewe, na mikataba ya kimataifa ya mawasiliano inawatambua. Anayetaka kurusha mawimbi sharti awe na leseni, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kituo chake hupewa jina la mwito linaloanza na 5H. Wenzetu wa Kenya huanza na 5Z, wa Uganda 5X, wa Kongo 9Q. Mwenye leseni haruhusiwi kufanyia biashara hewani wala kusema kwa mafumbo ya siri. Kijana wetu alikuwa bado hajarusha hata neno moja. Alikuwa akisikiliza, akijiandaa kuomba leseni.

Lakini swali la faida lilinikera, maana mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, nikakutana na habari ambayo ningependa kila mzazi aijue.

Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma watu wa ridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 na yaliyo mafupi kuliko hayo. Wataalamu wa siku zile waliamini kwamba wimbi fupi haliendi mbali, na kwamba anayetaka kuvuka bahari lazima awe na mawimbi marefu na mitambo mikubwa kama kiwanda. Ilikuwa sawa na kumgawia mtu shamba la mawe. Basi watu wa ridhaa wakalima mawe. Novemba 1923 Léon Deloy, akiwa Nice, Ufaransa, aliongea kwa alama za Morse na Fred Schnell na John Reinartz walioko Marekani, ng'ambo ya Atlantiki, kwa wimbi la mita 110 hivi. Mwaka mmoja haujatimia, tarehe 18 Oktoba 1924, Frank Bell aliita kutoka shamba la Shag Valley, New Zealand, naye aliyemjibu alikuwa Cecil Goyder, mvulana wa miaka 18, akiwa katika shule ya Mill Hill, London. New Zealand na Uingereza ziko karibu pande mbili za dunia zinazopeana kisogo. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, unaanza kurudi. Bell alipoelekeza nguvu zake katika kuendesha shamba, dada yake, Brenda, alikishika kituo, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuwasiliana na Afrika Kusini kwa redio. Akina mama na akina dada wanaosoma ukurasa huu nawaomba walitie hilo akilini, kwa sababu mafundi wengi wa mitaani bado wanadhani waya na koili ni mambo ya wanaume.

Siri yao ilikuwa angani. Juu yetu, tangu kilomita 100 hivi hadi 400, kuna tabaka za hewa zilizochajiwa na miali ya jua, ziitwazo ionosfera. Wimbi fupi likirushwa kwa mwinamo ufaao hugonga huko, likarudi ardhini umbali wa hata kilomita 4,000, likadunda tena na kupanda tena, kama jiwe la bapa ambalo mtoto hulirusha juu ya maji. Pale kati ya alikorushia na linakotua panabaki ukimya. Ndiyo maana mtu wa Temeke aweza kumsikia wazi mtu wa Ulaya, asimsikie kabisa mtu wa Morogoro.

Nikiwa na elimu hiyo ya vitabuni nilikwenda Temeke Jumamosi jioni. Mzee alinipokea kwa adabu, akanipa kiti, akaniita "ndugu mwandishi" kwa sauti ya mtu anayengoja nimkanye kijana wake. Uani nilimkuta kijana, na kando yake jirani yao mmoja, mzee wa makamo ya babu. Huyo alikuwa afisa wa redio melini kwa miaka mingi, hata Februari 1999, Morse ilipokoma kuwa lugha ya lazima ya meli zinazoomba msaada baharini. Yeye ndiye aliyempa kijana kile kipokezi, chenye swichi ya kufasiri sauti za wanaredio wa ridhaa. Katika redio ya kawaida sauti hizo husikika kama bata anayekabwa.

"Shikamoo babu," nikasema. "Marahaba. Kaa, lakini usiseme," akanijibu. Hilo ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Somo la pili lilikuwa la saa. Wanaredio wa dunia nzima hufuata saa moja, iitwayo UTC, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Kwa hiyo saa mbili usiku yetu sisi Waswahili huandikwa 17:00 katika daftari lao. Kijana alikuwa amechora jedwali la saa hizo mbili ubavuni mwa kasha la redio, kwa sababu alishapoteza usiku mwingi akisikiliza saa isiyo na mtu. Mchana, jua likiwa kali, hufaa masafa ya juu, megahezi 21 na 28. Usiku masafa hayo aghalabu hufa, nawe hushuka mpaka 7. Megahezi 14, yaani mita 20, husimama katikati, na machweo na macheo ni saa za baraka kwa anayewinda mbali. Juu ya yote kuna mwaka wenyewe: madoa ya jua huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, na kilele cha mzunguko huu kilifika mwaka 2024. Asiyeyajua hayo hulaumu redio yake.

Hapo kijana akaingiza neno lake. Alisema yote hayo ni kweli, lakini mwenye wati 1,000 hahitaji kungoja jua. Babu hakukasirika. Alichukua kijiti akaandika mchangani. Ukitoka wati 100 ukaenda 1,000, mshale katika redio ya anayekusikiliza haupandi hata alama 2. Kwa upande mwingine, waya wa mita 10 uliokatwa katikati, mita 5 huku na mita 5 huku, ukainuliwa juu kama mita 10 hivi, hutosha kwa mita 20, na bei yake ni ya waya na mlingoti tu. "Antena ikipanda, unasikia na unasikika," alisema. "Mtambo wa nguvu utakufanya usikike tu. Na wewe usiyesikia, unamwita nani?"

Kijana alinyamaza, lakini niliona hakuridhika. Miaka 18 si umri wa kuridhishwa na hesabu ya mchangani.

Babu akaendelea na adabu za kuita, na hapa ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili lina ustadi kama ustadi wowote. Februari 2023 wanaredio walitua katika Kisiwa cha Bouvet, kisiwa cha Norway kisicho na wakazi kusini kabisa mwa Atlantiki. Kituo adimu namna ile kikisikika, umati wa watu hukiita kwa mara moja. Mjinga huita palepale anapokisikia, akaziba sauti ya kituo chenyewe, na kila mtu humtukana. Mwenye kituo hutangaza kwamba anasikiliza juu kidogo, labda kilohezi 5 au 10 juu yake. Fundi hatafuti kupiga kelele; humtafuta yule aliyejibiwa sasa hivi, aone alikuwa amekaa wapi, kisha amtafute anayefuata, mpaka ajue mwenye kituo anapanda au anashuka. Hapo hujiweka mahali sikio lile litakapofika, akataja jina lake la mwito mara moja, kamili, akanyamaza. Akiitwa mwingine, ajapokuwa na jina linalofanana na lake, hukaa kimya. Akijibiwa, hutoa ripoti ya usikivu, hushukuru, huondoka. Mazungumzo yote huchukua sekunde chache, na huenda aliyangoja siku tatu.

"Lakini wewe," alimwambia kijana, "siku utakayopata 5H yako mambo yatageuka. Vituo vya 5H hewani ni vichache. Wewe ndiwe utakayewindwa. Wataliane nusu ya Ulaya wakuitao, na usipojua kusikiliza utawapoteza wote."

Nilimwuliza juu ya kompyuta, maana nilikuwa nimesoma habari za FT8, njia iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1993, pamoja na Steven Franke. Kwa njia hiyo ujumbe mfupi hutumwa kwa zamu za sekunde 15, na kompyuta huokota ishara ambazo sikio halizitambui. Babu haikatai, ila alisema hata huko saa yako ikikosea hupati kitu. Mimi binafsi naiona kama kula chakula kilichotafunwa na mwingine. Wenye nayo wanisamehe.

Ilipata saa mbili na robo. Babu alimwambia kijana aende kwenye kilohezi 14,100. Hapo, alinieleza, kuna mpango wa vituo 18 vilivyotawanywa duniani kama minara ya taa inayoongoza meli, na kimoja kilipangiwa Kenya kwa jina la 5Z4B. Hupokezana zamu, kila kimoja sekunde 10, hata dakika 3 zikitimia vyote 18 vimepita. Kila kituo hutaja jina lake kwa Morse, kisha huvuta milio minne mirefu: wa kwanza kwa wati 100, wa pili kwa 10, wa tatu kwa wati 1, na wa nne kwa sehemu ya kumi ya wati. Mwanafunzi asiye na leseni aweza kuketi hapo akajua mbingu imefunguka upande gani. Kijana alichomoa visikizio ili sote tusikie. Tulichosikia ni mafuta yanayokaanga samaki. Baba yake, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote mikono nyuma, alinitazama kama kusema, si nilikwambia?

Ndipo umeme ulipokatika mtaa mzima.

Taa zikazimika, feni zikasimama, watoto wa jirani wakapiga ukelele wao wa kawaida. Redio ilikuwa ikitumia betri. Na ile kelele ya kukaanga, iliyokuwa imejaza ua tangu nifike, ikanywea mara moja, kama sufuria iliyoepuliwa. Tukabaki na kitu kama pumzi. Babu akainua kidole. Ikaja Morse ya haraka, ndogo lakini safi, kisha mlio mrefu, na wa pili ulio hafifu zaidi, na wa tatu uliokuwa kama mbu aliye chumba cha pili. Wa nne mimi sikuusikia. Kijana anaapa kwamba aliusikia.

"Oscar Hotel mbili Bravo," babu akasema. "Finland."

Hapana aliyesema neno kwa muda. Finland iko zaidi ya kilomita 7,000 kutoka Temeke, na mlio ule wa tatu ulikuwa umekuja kwa wati moja. Kijana alikuwa akiutazama mchanga ulioandikwa hesabu, ingawa gizani hakuweza kuiona.

Mzee wa bandarini alisogea, akachuchumaa karibu na redio. "Na huyu wa sasa ni nani?" akauliza. Hakuniuliza mimi, wala hakumwuliza babu. Kijana alimwambia ni Madeira, kisiwa cha Ureno, na anayefuata ni Argentina, lakini Argentina huenda asisikike saa hizi. Mzee akauliza kelele zile zilikuwa zimekwenda wapi. Kijana akamweleza kwamba hazikutoka angani, baba. Ni chaja za simu na taa za mtaani, kila moja ina mlio wake.

Tulikaa hivyo muda wa mizunguko mitano au sita. Umeme ulirudi ghafla, na samaki wakaanza kukaangwa upya. Mzee alinyanyuka bila kuaga, akaingia ndani, na tukamsikia akipita chumba hadi chumba, akichomoa chaja ukutani moja moja.