Kazi za Kindu si urithi wa ukoo

Juma lililopita nilimsikia bwana mmoja redioni hapa Kindu akipaza sauti: kazi za mkoa wetu wa Maniema ni za wazaliwa kwanza, wakuja wangoje. Simu za pongezi zikamiminika. Nilizima redio kwa hasira.

Mkuja ni nani? Jirani yangu wa Mikelenge ni binti wa mtu wa reli aliyetoka Kasai. Amezaliwa hapa, amesomea uuguzi hapa, ameolewa na Msongola wa hapa. Alipopeleka dosye yake ya kuomba kazi, aliulizwa kijiji cha babu yake. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kuchoma sindano.

Mji huu umezaliwa na bandari na reli ya CFL, na reli iliita watu kutoka pande zote. Migodi ya bati nayo vilevile: Patrice Lumumba, mtoto wa Sankuru, alipokuwa kijana alifanya kazi katika kampuni ya Symétain. Leo tunamlilia kama wetu, na dosye yake tungeikataa.

Na sisi wenyewe? Wamanyema, watu wenye asili ya Maniema, wamejaa Ujiji, wamejaa Buyenzi kule Bujumbura, na Kariakoo pale Dar es Salaam upo Msikiti wa Manyema. Babu zao walifika huko wengine kwa minyororo, wengine wakibeba pembe za ndovu, na wajukuu wamekuwa mafundi, wafanyabiashara, masheikh. Nani hapa Kindu angekubali wanyimwe kazi kwa sababu asili yao ni Kasongo yetu? Haki tunayowatakia ndugu zetu ng'ambo ya ziwa Tanganyika tunamnyima jirani wa ukuta mmoja!

Eti mkuja hutuma mshahara wake kwao. Upuuzi mtupu. Jirani yangu hununua sombe sokoni hapa na hulipa karo hapa. Kwao ni wapi kama si Mikelenge? Wakubwa wetu, wazaliwa halisi, hujenga majumba Kinshasa, na hakuna anayewapigia kelele.

Katanga walishalijaribu jambo hili la kuwafukuza wakuja. Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala stesheni wakingoja treni, wengi wakafa. Waliobaki walitajirika? Kampuni ya migodi ya Gécamines ilizidi kuporomoka.

Hapa kwetu kazi zimepungua kwa sababu treni haionekani ila kwa nadra na migodi mikubwa ilifungwa, na vinafasi vilivyobaki hupewa mashemeji. Kifungu cha 36 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinakataza mtu kudhulumiwa kazini kwa ajili ya asili yake. Basi swali la asili lifutwe kwenye fomu za kazi, na kila ofisi ibandike ukutani majina ya walioajiriwa, diploma zao, na jina la aliyewaleta.