Wageni wa Kaskazi

Kaskazi imeingia. Maji yakipwa asubuhi, watoeni watoto, wa kike na wa kiume, waende kwa baiskeli polepole kutoka Kisauni hadi penye mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Watamwona sululu, kwa mdomo wake mrefu uliopinda, akimchomoa kaa tunduni. Wengi wao huikimbia baridi ya Urusi, wakavuka majangwa hadi kwetu. Surat al-Mulk yauliza kama watu hawawatazami ndege wakunjuapo mbawa angani. Wana wetu huwatazama kwa manati! Ibn Umar (r.a.) aliwakuta vijana wamemfunga ndege wakimlenga mishale, akawaambia Mtume (s.a.w.) amemlaani afanyaye hivyo. Mama, manati iliyo uvunguni kaitoe leo.