Gari Lililogongwa na Fundi Anayelaumiwa



Wengine watatuuliza, watu wa reli wana shauri gani na gereji za magari? Jibu letu ni fupi. Reli ilipokodishwa mwaka 2006 wafanyakazi wengi walipunguzwa kazi, na kati yao walikuwako mafundi wa chuma, wa kuchomelea na wa rangi, ambao walikwenda kutafuta riziki katika gereji. Hao ni baba zetu na kaka zetu, na watoto wao wameshika kazi hiyo hiyo. Tena sisi wenyewe twapanda magari wanayoyatengeneza.

Jambo lililotufanya tuandike ni hili. Mwenzetu mmoja wa karakana alinunua gari dogo la mtumba kutoka Japani kwa mkopo wa Sacco. Gari likagongana na pikapu, mifuko ya hewa ikafumuka, naye akatoka salama. Bima ikalipa, gari likapelekwa gereji moja ya hapa mjini, nalo likarudi linang'aa hata tukamtania kwamba amenunua jipya. Kila akiwasha ufunguo, ile taa nyekundu ya mifuko ya hewa iliwaka kidogo kisha ikazimika, kama ipasavyo. Alikuwa na haki ya kuamini kwamba kila kitu ni kizima.

Miezi michache baadaye aligonga lori lililosimama gizani bila taa. Mfuko haukufumuka. Alivunjika taya na meno matatu. Gari lilipofunguliwa, ndani ya usukani hamkuwa na mfuko wowote. Palikuwa na matambara, kifuniko kilichopakwa gundi, na kwenye nyaya zilizopaswa kwenda kwenye mfuko palifungwa rezista, kitu kidogo kuliko punje ya mchele, cha bei ya shilingi chache. Kazi ya rezista hiyo ni kuidanganya kompyuta ya gari iamini kwamba mfuko upo. Fedha za mfuko mpya bima ilikwisha kuzilipa. Zilikwenda wapi, tajiri wa gereji anajua.

Na nani amefukuzwa kazi? Kijana aliyefunga rezista. Alikuwa akilipwa kwa gari moja moja, hakuwa na barua ya kazi, na aliambiwa afunge au aache nafasi kwa mwingine. Hatusemi kwamba hana kosa. Alijua anachofanya, na sisi tuliomtembelea mwenzetu hospitalini hatuwezi kulifanya jambo hilo dogo. Lakini yeye hakula fedha za mfuko.

Sasa yafaa tueleze kidogo habari za kazi yenyewe, maana wengi wetu tulijifunza magari wakati ambapo fundi alihitaji spana, nyundo, sikio zuri na mwalimu mkali. Gari la siku hizi lina kompyuta ndogo nyingi. Moja ni ya injini, nyingine ya breki, nyingine ya usukani, nyingine ya mifuko ya hewa na mishipi, na zote huzungumza kwa kupitia nyaya mbili tu zilizosokotwa pamoja. Mpango huo wa mazungumzo ulitolewa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Chini ya deshibodi, karibu na magoti ya dereva, pana soketi ya matundu 16. Sheria ya Marekani iliilazimisha kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Hapo ndipo fundi huchomeka mashine ya kusoma gari, ambayo wengine huiita skana.

Mashine hutoa herufi moja na tarakimu nne. P ni injini na gia, C ni breki, usukani na sehemu za chini, B ni mambo ya bodi pamoja na mifuko ya hewa, na U ni pale kompyuta moja inapomwita mwenzake asijibiwe. Watu wengi hufikiri kwamba namba hiyo ni amri ya kununua kitu kipya. Sivyo. Gari lililogongwa mbele likitoa U0100, maana yake ni kwamba kompyuta ya injini haisikiki. Pengine imekufa. Pengine pia waya umebanwa nyuma ya taa, au fyuzi imekatika, au betri imevunjika na umeme umepungua. Twajua mwenye gari aliyeuziwa kompyuta nzima, na kumbe waya wa urefu wa kidole ulikuwa umekatika ndani ya ganda lake. Mashine huonyesha mlango wa kubisha. Kuingia na kutazama ni kazi ya fundi, na kwa sababu hiyo hatukubaliani na ndugu wanaosema kwamba mashine hizi zimekuja kuwafukuza mafundi.

Wazee wetu wa reli walitembea kando ya behewa na nyundo yenye mpini mrefu, wakigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima lilitoa sauti ya kengele, na lenye ufa likatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Siku hizi ufa hutafutwa kwa mawimbi ya sauti tusiyoisikia, na chombo huchora picha kwenye kioo. Mtu wa kusoma picha hiyo bado yupo, naye anahitaji kujua zaidi kuliko aliyeshika nyundo. Lakini mwenye nyundo hakujifunza picha hiyo kwa kuota usiku. Ilimpasa afundishwe.

Jambo la kamera ndilo ambalo wafanyakazi wengi wa gereji hawajaelezwa, na lina hatari kuliko yote. Magari mengi yanayoshushwa Mombasa sasa yana kamera nyuma ya kioo cha mbele, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mtumba wa zaidi ya miaka minane, na katika miaka hiyo Wajapani wameweka kamera hata katika magari madogo. Kamera hutazama mistari ya barabara na gari lililo mbele, na gari jingine hujifungia breki lenyewe kwa neno la kamera hiyo. Ukibadilisha kioo, au ukinyoosha pua ya gari, kamera haitazami tena pale ilipotazama. Ikikosea kwa digrii moja tu, kwa umbali wa mita 100 itakuwa imekosea kwa mita 1.75, yaani karibu nusu ya njia ya gari moja. Inaweza kuona lori la upande wa pili kana kwamba liko mbele yako, au isione lililo mbele yako kabisa. Nalo gari kwa macho ni zuri sana, rangi haina doa.

Kuirudisha kamera mahali pake ni kazi ya vipimo. Mafundi husimamisha mbele ya gari ubao wenye alama nyeusi na nyeupe, kwa umbali na kimo alivyoandika mwenye kiwanda, juu ya sakafu iliyonyooka, upepo wa matairi ukiwa sawa. Magari mengine hutaka kuendeshwa barabarani yenye mistari wakati mashine imechomekwa. Pima sasa gereji zetu: sakafu ni udongo na oili, magari yamebanana, na barabara ya nje haijaona mistari tangu ilipowekwa lami. Hata bampa si kitu cha kuchezea. Gari lenye rada ndani ya bampa ya nyuma halipendi puti nene wala rangi iliyorundikwa mbele ya rada, maana huizuia kuona. Mpaka rangi asipoambiwa, atajuaje? Yeye ameagizwa afiche mkunjo, na ameuficha vizuri.

Na hapa kuna hatari ya fundi mwenyewe. Magari ya umeme nusu, ya haibridi, yamejaa mjini. Betri kubwa ya Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza ina volti 144, na nyaya zake hupakwa rangi ya chungwa ili mtu ajihadhari. Gari kama hilo likigongwa, kabla ya mtu kuanza kukata bati yafaa umeme uzimwe kwa utaratibu wa kiwanda, watu wangoje dakika zilizoandikwa, kisha wapime wahakikishe kwamba hakuna umeme uliobaki. Mpimaji awe na glavu za mpira za kazi hiyo. Twawaona vijana wanakata chuma karibu na nyaya hizo wamevaa malapa. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yasema tajiri ndiye mwenye wajibu wa kumpa mfanyakazi vifaa vya kujikinga na kumfundisha. Haikusema kwamba gereji ni kitu kingine.

Matajiri wengine hujibu kwamba wao wanayo mashine. Tukiiangalia, ni kile kidude kidogo cha bei rahisi kinachosoma injini peke yake. Breki hakisomi, mfuko wa hewa hakisomi, kamera hakijui kwamba ipo. Kinachoweza vizuri sana ni kufuta. Fundi anabonyeza, taa inazimika, mteja analipa. Kosa likiwa bado lipo, taa hurudi baada ya siku mbili, na mteja humrudia fundi, si tajiri.

Tena tuseme kweli, hata mashine ya fedha nyingi hudanganywa. Gari la mwenzetu lingesomwa na mashine nzuri, ile rezista ingejibu kwa niaba ya mfuko, na kumbukumbu ya ajali iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta ilikuwa imekwisha kufutwa na mtu wa kompyuta. Kwa hiyo hatutaki karatasi ya mashine peke yake. Twataka gari lisomwe kabla ya kuguswa na lisomwe tena likimalizika, karatasi zote mbili apewe mwenye gari, na vitu vilivyobadilishwa vifunguliwe mbele ya mkaguzi wa bima na kutiwa sahihi. Sahihi ya tajiri iwe ya kwanza, ya fundi chini yake. Kwetu reli treni haiondoki kabla breki hazijajaribiwa toka injini mpaka behewa la mwisho, na kila mtu ajua nani alijaribu. Hatuoni kwa nini gari lililovunjwa na kushonwa upya litoke gerejini kwa neno la mdomo.

Habari ya mafunzo ndiyo inayotukasirisha zaidi. Kila tajiri anayefuata sheria hulipa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, fedha ya mafunzo ya viwanda, ambayo husimamiwa na NITA. Akipeleka mfanyakazi katika mafunzo yaliyokubaliwa aweza kudai arudishiwe gharama. Fedha hii si sadaka, na haikatwi kwenye mshahara wetu. Imewekwa kwa ajili ya kazi hii hasa. Lakini ni wafanyakazi wangapi wa kunyoosha bodi mnaowafahamu ambao wamepelekwa hata wiki moja kujifunza mifuko ya hewa? Muulizeni tajiri wenu mbele ya mashahidi. Akisema hajui habari hizo, mwandikie barua wakili wa chama akiona.

Upande mwingine kuna viwanda vya magari, ambavyo hufunga maarifa kwa kufuli. Fundi aweza kuwa na mashine na akili, kisha kompyuta ikataa kufunguliwa mpaka apate ruhusa kutoka ng'ambo, kwa malipo. Wenzetu wa nchi nyingine hawakunyamaza. Katika jimbo la Massachusetts la Marekani wananchi walipiga kura mwaka 2012, na tena mwaka 2020, ili mafundi wa nje wapewe habari za kutengeneza magari. Afrika Kusini, tume yao ya mashindano ya biashara ilitoa mwongozo ulioanza Julai 1, 2021, unaotaka gereji huru zipewe habari za kiufundi na nafasi ya mafunzo. Kama Afrika Kusini wameweza, wabunge wetu watuambie ni lini watalizungumza jambo hili, maana kura za watu wa gereji nao wamezila.

Fundi akiambiwa afunge rezista mahali pa mfuko, awe na haki ya kukataa asifukuzwe. Leo hana. Kukataa maana yake ni kurudi nyumbani mikono mitupu, na wenye nyumba hawasikilizi habari za dhamiri tarehe tano. Chama kikiwa na wanachama katika gereji hizo, neno "sifungi" litasemwa na watu thelathini kwa pamoja, na hapo tajiri atatafuta mfuko.

Shauri hili litaletwa mbele ya mkutano wa tawi mwisho wa mwezi. Twamwomba kila mwanachama mwenye ndugu katika gereji aje naye, hata kama hajajiunga. Kijana yule bado hana kazi, naye amekubali kuja kueleza alivyoagizwa. Mwenzetu aliyevunjika taya atakuwapo pia. Hasemi vizuri bado, lakini amesema anataka kumsikia. Rezista yenyewe iko ofisini ndani ya bahasha, na kila mtu ataiona.

Ni sisi wenzenu wa karakana ya reli.