Cha Mvunguni: Kiswahili na Usanidi wa Seva

Aghalabu mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia hukomea kwenye istilahi. Wataalamu huvutana iwapo chombo kile kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, ilhali mahali ambapo nafasi ya lugha katika wavuti huamuliwa ni nadra kutembelewa na wanaisimu. Mahali hapo ni faili za usanidi wa seva.

Mathalani, itazamwe Apache, programu ya seva iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1995 na itumikayo katika mifumo ya jamii ya Unix kama vile Linux na FreeBSD. Msomaji afunguapo ukurasa, kivinjari chake huiarifu seva lugha anazozipendelea. Seva nayo hulinganisha ombi hilo na lugha ilizofunzwa kuzitambua. Orodha ya mfano inayoambatana na Apache imo katika faili iitwayo httpd-languages.conf. Humo mna Kidenmaki, Kiestonia, Kikatalani na hata Kiesperanto, lugha iliyobuniwa na mtu mmoja na kutangazwa mwaka wa 1887. Kiswahili hakimo.

Athari ya pengo hili si haba. Tuseme chuo kimeandika ukurasa wake kwa Kiswahili na kuuhifadhi kwa jina index.html.sw, kando ya ule wa Kiingereza. Hata chaguo la MultiViews likiwashwa ili seva ichague lugha, seva isiyoelezwa maana ya sw huupuuza ukurasa huo. Aliyeomba Kiswahili hupewa Kiingereza, au huambiwa kwamba hakuna ukurasa unaomfaa. Tafsiri ipo, msomaji yupo, ila hawakutani.

Dawa yake ni mstari mmoja: AddLanguage sw .sw. Kisha sw huongezwa katika orodha ya LanguagePriority, faili hukaguliwa kwa amri ya apachectl configtest, na seva huamriwa isome usanidi wake upya kwa apachectl graceful.

Wapo watakaodai kwamba hiyo ni kazi ya mafundi. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Fundi anajua mstari huo huandikwa wapi; asichojua ni kwamba yupo anayeuhitaji. Wengine watasema kitufe cha kuchagua lugha kinatosha. La hasha! Kitufe humwacha msomaji apokewe kwanza kwa Kiingereza, ndipo aitafute lugha yake pembeni, mithili ya mgeni nyumbani mwake.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, hadhi hiyo haijifikishi yenyewe ndani ya seva. Hufikishwa na mkono wa mtu. Kwa hivyo, idara za Kiswahili hazina budi kuwafunza wanafunzi wao usanidi huu sambamba na isimu na fasihi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.