Mwenda kwa Miguu Ndiye Mwenye Mji

Mwezi wa Oktoba 1973 TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ramani ya mji uliokusudiwa, iliyotayarishwa na wataalamu wa Kanada mwaka 1976, ilikuwa na fikra moja kubwa: mji wa wafanyakazi na wakulima haufai kujengwa kwa kipimo cha motokaa. Mwenda kwa miguu, mpanda baiskeli na abiria wa basi ndio waliotangulizwa.

Tangu hapo mengi yametendeka. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Magari yameongezeka na barabara zimepanuliwa. Hayo ni maendeleo, wala hatuyabezi. Lakini twauliza: mama atokaye sokoni na mzigo kichwani, na mtoto aendaye shule, wametengewa nafasi yao, au wameachiwa masalio?

Bustani ya Nyerere Square, katikati ya mji, ni mali ya kila mwananchi. Lakini bustani haianzii langoni. Huanzia pale mtu anapotoka nyumbani kwake. Ikiwa hawezi kuifikia ila kwa kuyakimbia magari, bustani hiyo ni pambo tu. Kitakiwacho si anasa: njia ya miguu isiyogeuzwa maegesho, kivuko kionekanacho, taa usiku, na mti. Katika nchi kavu ya Ugogo, ambako miezi ya jua ni mingi kuliko ya mvua, kivuli si urembo.

Na maji ya kuotesha miti hiyo? Kwa miaka mingi Dodoma imekunywa maji ya visima vya Makutupora. Basi haki yataka Makutupora nayo ikumbukwe. Barabara kuu iendayo Arusha yapita hapo, na lori halimjui mtoto wa mtu. Sheria yataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi. Lakini kibao peke yake hakimzuii dereva mwenye haraka, tuta humzuia.

Wasemao kwamba fedha hakuna na watazame Dar es Salaam. Huko shirika la Amend lilitengeneza njia zilizo karibu na shule za msingi kwa matuta, vivuko na vijia, na penye haja likahamisha lango la shule. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya miji ya taasisi ya WRI. Hayo ni mambo madogo, nayo yamewaepusha watoto na majeraha.

Kazi hii ni ya wote. Mwenye gari asiegeshe penye njia ya watu. Mwenye duka asiizibe kwa bidhaa. Diwani aulize habari zake kabla ya kupitisha mradi. Nasi twashauri kanuni moja: barabara isiyo na njia ya miguu ihesabiwe kuwa haijakwisha, wala isifunguliwe kwa shangwe.