MAMA MZAZI ASIFUNGIWE LANGO

Mwaka huu nimeamua kuliweka kando suala la sare na chai ya saa nne, niseme jambo linalonikereketa moyoni.

Kwetu tunaishi na mtoto wa miaka 5. Tumzoee tu kwa jina la Kadogo. Si ndugu yangu wa damu. Aliletwa na afisa wa watoto mwaka jana, baada ya majirani kumkuta amefungiwa chumbani peke yake usiku. Mamake alikuwa kwenye zamu katika shamba la maua huko Naivasha na hakuwa na wa kumwachia. Haya huitwa malezi ya kambo: familia nyingine humlea mtoto kwa muda, huku ikitazamwa kama kwao kutatengenea. Hatukupewa awe wetu, kama wengi mnavyodhani.

Sisi tuko Nakuru. Mamake huja Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane. Akienda, ni kilio mtindo mmoja. Kadogo hukataa chakula na kukojoa kitandani siku mbili tatu (na mimi ndiye ninayelala naye!). Mama yangu akasema ziara hizi zinamharibu mtoto, afadhali zikome. Nami niliungana naye.

Basi Jumapili moja huyo mama alifika saa kumi na moja jioni. Mimi ndiye niliyekwenda langoni. Nikamwambia saa zimepita. Hakubishana. Alinipa mfuko wa ndizi, akageuka. Kadogo alikuwa ametuona kupitia dirishani.

Mwezi huo hakulia wala hakuuliza lolote. Alinyamaza tu, na mtu akibisha hodi alikuwa anajificha chini ya meza. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kile kilio hakikuwa ugonjwa. Mtoto anayelia anajua bado ana mtu wa kumlilia.

Najua mtaniambia, "Si ni yeye aliyemfungia mtoto?" Ni kweli, na kosa ni kosa. Wala sisemi kila mzazi aachiwe tu. Anayempiga au kumnajisi mwanawe, mahakama imzuie. Lakini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, unasema mtoto aliyetenganishwa na wazazi ana haki ya kuonana nao mara kwa mara, isipokuwa kama itamdhuru. Haki ni ya mtoto, jamani, si zawadi ya mama mwenye tabia njema!

Tatizo ni kwamba haki hiyo inataka nauli. Baadaye tulikuja kujua alichelewa kwa nini: alitoka zamu asubuhi, akazunguka kukopa pesa ndipo apande matatu. Kwenda na kurudi humla karibu ujira wa siku nzima. Wahenga walinena kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye, lakini hao wahenga hawakuwa wakilipa nauli. Kwa maoni yangu, serikali itenge pesa za safari za wazazi kama hawa. Nasi walezi tusikae kama askari jela, kuangalia saa na kuhesabu makosa.

Mama yangu amelegeza kamba kidogo. Siku hizi mgeni wetu akija hupewa karai na sabuni, akamwogesha mwanawe mwenyewe, akamlisha. Alimwachia leso yake ya kulalia. Kabla hajaondoka humtajia Kadogo siku atakayorudi, nami huitia alama kwenye kalenda ya ukutani. Kilio bado kipo, na kitanda bado hulowa, sitawadanganya. Lakini mezani anakula, na kila asubuhi ananiuliza zimebaki siku ngapi.

Mimi sijamwomba huyo mama msamaha kwa siku ile ya lango. Nimemwambia mama yangu kwamba mwezi huu ni mimi nitakayekwenda kumpokea steji.