Goti sio pancha (sehemu ya 6)

Wamama wenzangu, leo sio uji wa lishe. Dirisha la usajili limefunguliwa, nyumba nzima ni Simba na Yanga: beki wa kushoto hatuna, straika garasa, yule majeruhi avunjiwe mkataba, "anakula mshahara bure". Kasema baba, karudia mtoto wa darasa la tatu.

Hapo nakataa. Kubishania kikosi ruksa, hata mimi namba 9 wetu ananipandisha presha. Lakini kano ya ndani ya goti ikikatika haizibwi kama pancha! Mtu anapasuliwa, anaanza upya kukunja goti, kutembea, kukimbia. Mara nyingi ni miezi 9 au zaidi ndiyo arudi uwanjani. Msimu umekwisha hapo. Akiharakishwa, inaweza kukatika tena. Sasa huo uzembe wake uko wapi?

Na mwanao aliyesikia kwamba majeruhi ni mzigo, akitegua enka shuleni atakwambia? Atafunga kitambaa acheze. Tunawapokea wanachechemea, ukiuliza umeumia lini, "wiki mbili zilizopita". Kaficha asipoteze namba.

Baba, straika mseme mpaka asubuhi. Majeruhi muache apone, mtoto anakusikiliza.